Bibi Alitoka Wapi?

Juma lililopita mzee mmoja alifika ofisini kwangu, akataka nimtafutie kitabuni habari za bibi yake, kwa maana nyumbani kwao husemwa kwamba bibi huyo hakuwa wa kabila lao. Nikamwuliza, "Mzee wangu, mama yako alibatizwa mwaka gani?" Akacheka: "Nakuuliza habari za bibi, wewe waniuliza za mama!" Lakini ndiyo njia yenyewe. Huanza kwako, ukafika kwa mzazi, ndipo kwa bibi. Ukiruka ngazi moja, utaokota bibi wa watu.

Huko Marekani nako jamaa nyingi husimulia kwamba bibi yao alikuwa Mcherokee, kabila mojawapo la wenyeji wa kwanza wa nchi ile. Husema hivyo weupe, na weusi pia, kwa kuwa Wacherokee wengine walimiliki watumwa wa asili ya Afrika. Hao walipokwisha kupata uhuru, mkataba wa 1866 uliwapa haki sawa na za Wacherokee. Atakaye hakika husoma orodha za Dawes, zilizoanza kuandikwa 1898, zenye majina zaidi ya 100,000 ya watu wa makabila matano.

Hapo pana mtego. Makarani walitenga: huku wenye damu ya Kicherokee, kule waliotoka utumwani. Mara nyingi mwenye sura ya Kiafrika aliandikwa kule, hata kama mzazi wake mmoja alikuwa Mcherokee, na damu hiyo isitajwe. Mjukuu akisoma orodha tu, atadhani bibi alisema uongo. Yampasa asome na kadi na mahojiano, huenda akakuta majina ya baba na mama. Asipoona kitu popote, asijitwalie ukoo usio wake.

Kalamu ile ilileta mashaka makubwa. Wajukuu wa watumwa wale walidai haki yao mahakamani hata 2017, ndipo hakimu akaamua kwamba ni raia wa taifa la Cherokee.

Na mzee wetu je? Jina la mama yake nililiona. Mahali pa jina la bibi palikuwa patupu. Karani wa siku zile hakuuliza.

Basi, akina baba na mama, mletapo mtoto kubatizwa, nitajieni majina yote, hata la bibi aliyetoka mbali. Na leo jioni waulizeni wazee wenu, mkaandike. Kaburi halijibu karani.