SEVA ISIZIMWE KAMA TAA

Wafanyakazi wenzetu wa mashamba na viwanda vya Uganda,

Zamani kilo za mchumaji chai zilikaa katika kitabu cha karani wa mizani. Kitabu kile kilikuwa na hila zake, na wapo kati yetu wanaowakumbuka makarani waliojua kupunguza kilo kwa kisingizio cha umande. Lakini kitabu kilionekana. Leo katika mashamba mengi mizani ni ya umeme, mchumaji hugusisha kadi yake, na kilo zinakwenda mahali zisikoonekana, ndani ya kompyuta kubwa iitwayo seva. Humo ndimo zilimo pia zamu zetu, saa za ziada, michango ya NSSF na siku za likizo. Basi tukisikia kwamba seva itazimwa Jumamosi ili ibadilishwe kipande, hilo si jambo la watu wa ofisi peke yao. Ni mshahara wetu unaoguswa.

Tueleze kwanza jambo lenyewe, maana wengi wamelifanya fumbo. Hapo awali ofisi ilikuwa na kompyuta moja kwa kazi moja. Siku hizi chuma kimoja hubeba kompyuta kumi au ishirini ndani yake, ambazo hazina mwili wa peke yao: hii ya mizani, hii ya mishahara, hii ya stoo, hii ya kadi za mlangoni. Mafundi huuita utaratibu huo vichualaizesheni. Si uchawi wala si mambo mapya. Kampuni ya IBM ilitoa mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972. Faida yake ni ya kweli, kwani umeme hupungua na mashine za kununua hupungua. Hasara yake ni kwamba nyumba hiyo moja ikianguka, wapangaji wote hulala nje usiku uleule.

Fundi wa boila hazimi boila kwa kuimwagia maji. Hupunguza moto, huangalia geji, husubiri. Seva nayo ina joto lake la namna hiyo, ingawa halishikiki kwa mkono. Ili iende upesi, kompyuta huweka sehemu ya maandishi katika kumbukumbu ya muda kabla ya kuyaandika kwenye diski. Umeme ukikatwa ghafla, yale ambayo hayajafika kwenye diski hupotea, na pengine daftari zima la mishahara hubaki limevunjika katikati ya mstari. Na kwa kuwa mashine ishirini zimo ndani ya chuma kimoja, mkono mmoja kwenye swichi huziumiza zote.

Kuzima kwa usalama kunajulikana, na fundi yeyote mwenye uzoefu atakubaliana nasi. Kwanza watu waambiwe. Kisha mizani isimamishwe, na isubiriwe mpaka uzito wa mwisho ufike ofisini. Kisha ichukuliwe nakala ya kila kitu na kuwekwa kwenye chombo kingine, mbali na seva hiyo, na nakala hiyo ijaribiwe kufunguliwa. Hapa wengi hudanganyika. Mashine hizi zina uwezo wa kupiga picha ya hali yao ya dakika ile, na fundi mvivu husema picha hiyo yatosha. Haitoshi! Picha hukaa kwenye diski zilezile. Diski zikifa, nayo imekufa.

Baada ya hapo mashine za ndani huzimwa moja moja, kila moja kwa amri ya kujifunga yenyewe, wala si kwa kukatwa. Utaratibu una maana: kwanza programu wanazotumia watu, halafu mashine inayotunza daftari, na mwisho ile inayotambua majina na maneno ya siri, kwa sababu nyingine zote huitegemea. Kama kuna seva ya pili, mashine zaweza kuhamishiwa huko zikiwa kazini, mradi seva hiyo ina nguvu ya kuubeba mzigo wote. Hilo lipimwe kabla, lisikisiwe. Ndipo chuma chenyewe kizimwe.

Na anayekifungua chuma hicho ni mfanyakazi. Hatusemi haya mara nyingi, kwa kuwa fundi wa kompyuta hukaa kwenye chumba chenye feni na mara nyingine hujiona si mwenzetu. Lakini mara nyingi ndiye anayeitwa saa nane ya usiku, peke yake, hana msaidizi, kibarua wa mkataba wa miezi mitatu. Seva nyingi zina nyaya mbili za umeme. Akichomoa mmoja, mashine ingali na umeme. Betri ya akiba nayo ina umeme hata kama laini ya nje imekufa. Nyaya zote zitolewe, kitufe cha kuwashia kibonyezwe ili umeme uliobaki uishe, na swichi ifungwe kwa kufuli ambayo ufunguo wake umo mfukoni mwa fundi huyo. Avae pia mkanda wa kifundo cha mkono uliounganishwa na ardhi, ingawa huo ni wa kuilinda mashine zaidi kuliko kumlinda yeye.

Kuwasha tena hufuata njia hiyo kinyumenyume, na mizani iwe ya mwisho. Lakini kabla ya mashine yoyote ya ndani kuamshwa, saa ya seva itazamwe. Ndani ya chuma mna betri ndogo inayoitunza saa wakati umeme haupo, nayo ikiwa imechoka, seva huamka na tarehe ya uongo. Mashine za ndani zaweza kuichukua saa hiyo na kuifuata. Mfanyakazi wa zamu ya usiku ataonekana hakuja kazini, na saa zake za ziada zitaliwa na betri ya bei ya soda chache.

Katika kiwanda kimoja tunachokifahamu, ambacho hatukitaji hapa, swichi ilivutwa mchana kweupe siku mbili kabla ya mshahara, kwa sababu fundi wa kukodiwa alikuwa akiwahi basi. Mashine ya mishahara iliamka, ya mizani haikuamka. Wakubwa wakaamua kuwalipa wachumaji kwa wastani wa mwezi uliotangulia, nao ulikuwa mwezi wa ukame. Waliochuma katika mvua wakapunjwa, na walipolalamika wakaambiwa walete ushahidi. Ushahidi gani, ikiwa daftari lilikuwa mikononi mwa mwajiri, na ni upande wake ulioliharibu?

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupewa taarifa ya maandishi ya mshahara wake na makato yake. Taarifa hiyo haiwezi kuwa ya kweli ikiwa hesabu iliyo chini yake ni ya kukisia. Kwa hiyo twataka tangazo la kuzima seva libandikwe ubaoni na kwenye kibanda cha mizani siku saba kabla, na kazi hiyo isifanywe wiki ya mshahara wala wakati majani yamefurika. Jumla ya kilo za kila mtu zichapwe kwenye karatasi kabla ya kuzima, na zilinganishwe mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi baada ya kuwasha. Wakati seva imelala, karani awe na kitabu na kalamu, na mchumaji apewe kipande cha karatasi chenye kilo zake.

Jambo hili si dogo kwa sasa. Baada ya Broadcom kuinunua VMware mwaka 2023, leseni za kununuliwa mara moja zilikoma kuuzwa, na waajiri wengi duniani wamekuwa wakihamisha mashine zao kwenye mifumo mingine ili kukwepa gharama. Kila uhamisho ni kuzima na kuwasha tena, mara nyingi kwa haraka.

Limebaki la diski kuukuu. Diski iliyotolewa ina majina yetu, mishahara yetu, pengine hata karatasi za zahanati. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka mwajiri azilinde habari hizo. Diski isitupwe kwenye vyuma chakavu nyuma ya karakana. Ifutwe au ivunjwe mbele ya shahidi na iandikwe. Matawi ambayo mikataba yao itafunguliwa mwaka huu yapeleke madai haya mezani pamoja na yale ya nyongeza ya mshahara, na yaulize siku hiyohiyo: nakala ya mwisho ya hesabu zetu ilichukuliwa lini, imewekwa wapi, na nani aliijaribu?