Kuondolewa Plasta Siyo Mwisho wa Matibabu

Mtu akianguka, mkono ndio hutangulia chini. Hivyo ndivyo wengi huvunjika kifundo cha mkono: abiria aliyeteleza akishuka matatu, mwendeshaji bodaboda, au mama wa makamo aliyejikwaa ngazini.

Hospitalini mfupa hunyooshwa na mkono hufungwa plasta kwa muda wa wiki sita hivi. Siku plasta inapokatwa, mgonjwa humshukuru Mungu akaenda zake. Hapo ndipo kosa kubwa hufanyika.

Msomaji, mfupa kuunga ni jambo moja, mkono kufanya kazi ni jambo jingine. Viungo visiposogezwa hukakamaa, nayo misuli hudhoofika. Ndiyo maana fundi wa nguo aweza kushindwa kushika mkasi, ilhali picha ya eksirei yaonyesha kwamba mfupa umeunga.

Mazoezi huanza mkono ungali ndani ya plasta. Kunja na kunjua vidole mara nyingi kwa siku, na usogeze kiwiko na bega. Siku za kwanza, weka mkono juu ya mto ili uvimbe upungue. Plasta ikiisha kutolewa, na daktari akikubali, tumbukiza mkono katika maji ya vuguvugu, kisha kunja kifundo mbele na nyuma. Geuza kiganja kitazame juu, halafu chini. Baadaye, finya kitambaa kilichokunjwa ili nguvu za kushika zirudi. Usikimbilie kubeba ndoo ya maji, wala usikubali mkono uvutwe kwa nguvu na mtu asiye na ujuzi.

Maumivu kidogo si ajabu. Lakini maumivu yakizidi, vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, rudi hospitalini mara moja.

Kwa maoni yangu, mgonjwa yeyote asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla ya kuonyeshwa mazoezi hayo. Kwa mtu wa kibarua, nauli na ada ya kumwona mtaalamu wa viungo kila wiki ni mzigo mzito. Hata hivyo, mengi ya mazoezi hayo hayahitaji mashine wala fedha, ila maelezo ya dakika chache.

Nawe usitoke bila kuuliza: "Daktari, nifanye mazoezi gani, na mara ngapi kwa siku?" Nguvu za mkono huenda zikachukua miezi kadhaa kurejea. Usikate tamaa, haba na haba hujaza kibaba.