UCHAMBUZI: Wakimbiaji wa kike wahitaji muda zaidi kuzoea joto

SAA sita kasoro dakika moja usiku wa Septemba 27, 2019, wanawake 68 walianza mbio za marathoni katika Mashindano ya Dunia ya Riadha jijini Doha, Qatar. Waandaaji walikuwa wamezipanga mbio hizo usiku wa manane ili kulikwepa jua. Haikusaidia sana. Joto lilipita nyuzi 32 na unyevu hewani ukazidi asilimia 70. Waliofika utepeni ni 40 pekee, na Waethiopia wote watatu waliachia njiani.

Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2:32:43, muda wa polepole zaidi kuwahi kumpa mwanamke dhahabu ya marathoni katika mashindano hayo. Miezi minane awali alikuwa amekimbia 2:17:08 Dubai, mji wa jangwani vilevile, ila mbio za huko hufanyika Januari, asubuhi na mapema. (Chepngetich alipigwa marufuku ya miaka mitatu mnamo Oktoba 2025 kwa kosa la dawa zilizoharamishwa, adhabu hiyo haikugusa ushindi wa Doha.)

Tofauti hiyo ya zaidi ya dakika 15 ndiyo gharama ya joto kwa mwanariadha aliye kileleni. Wala si jambo geni kwa Wakenya. Catherine Ndereba alitwaa fedha Athens mwaka 2004 katika mbio za jioni zenye joto kali zilizomshinda Paula Radcliffe wa Uingereza, kisha akashinda dhahabu Osaka mwaka 2007 kwa 2:30:37. Mwaka huo huo, Mombasa iliandaa Mbio za Nyika za Dunia na hewa nzito ya Pwani ikamtoa mbioni bingwa mtetezi, Kenenisa Bekele.

Mwili hujifunza kustahimili joto. Mtu akifanya mazoezi jotoni kwa saa moja au zaidi kila siku, sehemu ya maji katika damu yake huongezeka ndani ya siku chache, na moyo hauhitaji tena kupiga kwa kasi ile ya awali. Baadaye jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi, huku likipoteza chumvi kidogo zaidi. Kwa kawaida kazi hii hukamilika kati ya siku 10 na 14. Aliyefunzwa vizuri huanza akiwa hatua kadhaa mbele, kwa kuwa mazoezi yenyewe huupasha mwili joto, lakini hata yeye hawezi kuiruka hatua hiyo. Faida hiyo nayo haidumu: anayeondoka jotoni hupoteza takriban asilimia mbili unusu kwa siku.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya maarifa haya ilitokana na majaribio ya wanaume. Kwa miaka mingi watafiti waliwaacha wanawake nje kwa hoja kwamba mzunguko wa hedhi unatatiza vipimo. Hoja hiyo ni ya ajabu kidogo, kwa sababu mzunguko huo ndio uliohitaji kuchunguzwa. Baada ya yai kutoka, homoni ya projesteroni hupandisha joto la ndani ya mwili kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5, na jasho nalo huchelewa kuanza. Mwanamke katika siku hizo huingia mbioni akiwa tayari na joto la juu. Iwapo hilo hupunguza kasi yake siku ya mashindano, wataalamu bado wanabishana.

Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Brighton nchini Uingereza walilinganisha wanaume na wanawake waliofanya mazoezi katika chumba chenye joto. Baada ya siku tano, mapigo ya moyo na joto la mwili wa wanaume yalikuwa yameshuka vya kutosha. Wanawake walihitaji siku 10. Waliochunguzwa walikuwa wachache na hawakuwa mabingwa wa dunia, hivyo takwimu hizo zisichukuliwe kama sheria. Lakini kocha anayepeleka timu ugenini siku tano kabla ya mbio, kwa ratiba moja kwa wote, huenda anawaandaa wanaume na kuwaacha wanawake katikati ya safari.

Kwa Kenya suala hili lina uzito wa pekee. Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya asubuhi ni sehemu ya siri ya mafanikio, ila haimfunzi mtu kutoa jasho la Doha. Wiki mbili za mwisho, ambazo mwili ungezoea joto, ndizo pia ambazo mkimbiaji hupunguza mazoezi ili apumzike. Ndiyo maana vipindi vya joto vinapaswa kuwa vyepesi na kuanza mapema. Si lazima viwe ghali: sakafu ya Bonde la Kerio, lililo chini ya Iten kwa zaidi ya mita 1,000, ni yenye joto mwaka mzima, na Mombasa ina unyevu ambao timu nyingine hulipia katika vyumba maalumu.

Waandaaji nao wanazidi kurudisha saa nyuma. Sapporo mwaka 2021, mbio za wanawake zilisogezwa kutoka saa moja hadi saa kumi na mbili asubuhi, uamuzi uliotangazwa usiku wa kuamkia mbio. Tokyo mnamo Septemba 2025 zilianza nusu saa kabla ya muda uliopangwa. Peres Jepchirchir alishinda zote mbili, mara ya pili kwa tofauti ya sekunde mbili tu dhidi ya Tigst Assefa wa Ethiopia.

Olimpiki zijazo ni Los Angeles, Julai 2028. Ni huko ambako mwaka 1984, katika marathoni ya kwanza ya wanawake ya Olimpiki, Gabriela Andersen-Schiess wa Uswisi aliingia uwanjani akipepesuka kwa joto na kutumia zaidi ya dakika tano kuzunguka mara ya mwisho. Ikiwa timu ya Kenya itatajwa mapema, wakimbiaji wa kike wataweza kupewa zile siku 10 au zaidi, na madaktari wa timu wakapata miezi ya kufuatilia mzunguko wa kila mmoja. Ikitajwa dakika za mwisho, muda huo hautakuwapo.