Majibu Mawili Yanayofanana

Jioni moja hapa Issuna mwanangu wa Darasa la Saba aliniletea zoezi la ufahamu. Habari ilisema mtoto mwenye homa alizidiwa kwa kuchelewa kufikishwa zahanati. Kwa nini alizidiwa? A: Malaria haikutibiwa mapema. B: Homa haikutibiwa mapema.

Alichagua A, akakosa. Nami ningekosa, mimi ninayewaambia akina mama kliniki kwamba si kila homa ni malaria! Habari haikutaja malaria popote.

Sasa majibu mawili yakifanana, anaweka kidole kwenye mstari unaothibitisha kila neno la jibu. Neno lisilo na mstari, hata “wote” au “tu”, laweza kumwangusha. Mtihani wa Baraza huwa Septemba. Tunasoma habari moja kila jioni, vyombo vikishaoshwa.