Kwa Saa ya Maji: Kisiwa cha Pate na Mwanafunzi wa Kiswahili

Aghalabu ziara ya wanafunzi wa Kiswahili visiwani Lamu huishia Lamu mjini. Hupigwa picha gatini, hutazamwa milango ya nakshi, kisha msafara hurejea bara. Mji huo ulitiwa katika orodha ya turathi za dunia mnamo 2001, na hadhi hiyo unaistahili. Hata hivyo, anayesoma utendi wa Mwana Kupona wa 1858 bila kukanyaga kisiwa cha Pate amesoma nusu yake. Mwana Kupona alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mji ambao katika miaka ya 1840 uliyashinda majeshi ya Seyyid Said.

Njia yenyewe ni somo. Anayeshukia gati la Mtangawanda na kumalizia safari nchi kavu hufika upesi, lakini huikosa. Mashua iendayo Siyu haiingii kwa saa ya msafiri. Huingia kwa saa ya maji. Mkondo ni mwembamba, mikoko imeufumbata pande zote mbili, na maji yakipwa hubaki tope na kaa. Asiyejua tofauti ya bamvua na maji mafu ataijua hapo, akiwa ameketi chomboni kilichokwama. Darasani miti yote hiyo ni mikoko, basi. Wenyeji wana mkandaa, mchu, muia, mkomafi na mlilana, huu wa boriti za dari, ule wa mataruma ya mashua. Ni kamusi ngapi zinazomweleza mwanafunzi tofauti hizo?

Kisha huja ngome, minazi, punda wanaopita polepole, na kimya. Waandishi chipukizi hupenda kukiita kimya hicho pepo. Sifa hiyo ina upofu. Siyu ulikuwa mji wa mafundi wa ngozi na wanakili wa misahafu; haukuwa kimya. Huko Pate mjini tumbaku hupandwa katikati ya magofu ya majumba. Utulivu unaomstarehesha mgeni ni alama ya biashara iliyohama, na mgonjwa mahututi hana budi kuvushwa kwa mashua hadi Lamu, kusi livume lisivume. Mandhari yasifiwe, lakini wenye mandhari wasifutwe.

Zito zaidi ni suala la lahaja. Tangu mkutano wa Mombasa wa 1928 uteue Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, lahaja za kaskazini zimebaki kuwa malighafi ya tasnifu. Mtafiti huenda na daftari, akaokota ndia kwa njia, moya kwa moja, yuu kwa juu, mithili ya mtu aokotaye makombe ufuoni. Kinaya ni kwamba mtoto wa Pate akiandika ndia katika insha hutiwa alama nyekundu, ilhali neno lilo hilo likichomoza katika utenzi wa kale mhadhiri hulifafanua kwa taadhima. Kosa la mtoto huyo ni lipi, ila kuzaliwa akiwa hai?

Ipo hoja ya usalama, na tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014 haifai kupuuzwa. Vyama vishauriane na wakuu wa eneo kabla ya kufunga safari. Ipo pia hoja ya gharama. Hiyo ni nyepesi zaidi: waende wanafunzi kumi badala ya hamsini, wakae siku tatu badala ya asubuhi moja. Waanze kwa kuwaamkia wazee wa mji. Wanafunzi wa kike waketi na akina mama, maana utendi ule ni maneno ya mama kwa bintiye, na wanaume hawatayasikia barazani. Daftari lisifunguliwe siku ya kwanza. Na orodha ya maneno itakayokusanywa, ikishapigwa chapa, nakala yake ya kwanza ipelekwe shuleni Siyu, kwa yule mwalimu mwenye kalamu nyekundu.