JUA LA KIPSING NA DAFTARI LA TAJIRI



Katika mapatano ya mishahara tajiri ana wimbo mmoja ambao sote twaujua kwa moyo: stima ni ghali, dizeli ni ghali, kwa hiyo mshahara hauwezi kupanda. Mimi sisemi kwamba wimbo huo ni uongo. Ninalosema ni kwamba siku hizi una ubeti wa pili, na huo hauimbwi mbele yetu. Matajiri wengi wa Kenya wamekwisha kuweka sola juu ya mapaa yao, nao hawakuiweka kwa kupenda uzuri wake. Wameiweka kwa sababu hesabu imekubali. Lakini tukikaa mezani twaimbiwa ule ubeti wa kwanza tu.

Nataka tuitazame hesabu hiyo kutoka Kipsing. Wasiofika huko wajue kwamba ni kituo kidogo cha biashara katika wadi ya Oldonyiro, Isiolo, nchi ya mbuzi na ngamia, penye laga ya mchanga inayoshuka kuelekea Ewaso Ng'iro. Nimechagua Kipsing kwa sababu mahali palipo mbali na nyaya ndipo bei ya nguvu huonekana uchi. Mjini bei hiyo imefichwa ndani ya karatasi ya stima yenye mistari kumi ya tozo. Huko porini imo ndani ya jerikeni, na kila mtu aiona.

Jenereta ndogo ya dizeli, ikiwa nzima na ikibeba mzigo wa kutosha, hutoa kama yuniti 3 kwa lita moja. Ikiwa imechoka, au ikinguruma usiku kucha kwa ajili ya friji moja na taa nne, haifiki hata 2. Oktoba 2023 dizeli ilipita shilingi 200 kwa lita huko Nairobi, na bei ya Nairobi si bei ya Kipsing, maana mafuta yakifika juu ya lori yamekwisha kula nauli. Basi gawanya 200 kwa 3. Yuniti moja yatoka kwa shilingi 67, nayo ni mafuta matupu, bila oili, bila filta, bila fundi wa kuitwa kutoka Isiolo. Mwenye duka mjini anayetumia stima ya Kenya Power hulipa kama nusu ya hiyo au chini, pamoja na kodi na tozo zote.

Sasa sola. Paneli za kilowati 1 katika nchi yenye jua kama ile hutoa yuniti 4 mpaka 5 kwa siku. Jua halina ankara. Kinacholipwa ni paneli, betri, inveta na fundi. Na bei ya paneli imeanguka vibaya sana: kati ya 2010 na 2020 ilipungua ulimwenguni kwa zaidi ya sehemu 8 katika 10. Nani kati yetu anakumbuka kitu kingine cha dukani kilichoanguka hivyo?

Tuchukue mfano wa kambi ya watalii iliyo mbali na nyaya, yenye paneli za kilowati 10. Mfano tu, si kambi ya mtu fulani. Kwa yuniti 40 kila siku, mwezi ni yuniti 1,200. Kuzipata kwa jenereta kungetaka lita 400, yaani shilingi 80,000 kwa bei ile ya 200. Toa robo nzima kwa siku za mawingu na kwa nguvu inayopotea katika betri. Bado zabaki shilingi 60,000 kila mwezi ambazo hazikuchomwa. Kila msomaji achukue karatasi yake ya mshahara aone hizo ni sawa na watu wangapi wa jikoni.

Wala nisiwadanganye kwamba sola ni dawa ya kila kitu. Friji, taa, kuchaji simu, mashine ya kinyozi, hayo ni mambo mepesi. Kinu cha posho cha nguvu za farasi 10 hutaka kilowati 7 na nusu kikizunguka, na zaidi kikianza, kwa hiyo mwenye kinu huhitaji paneli kumi na tano kubwa au zaidi, na wateja wanaokubali kusaga mchana. Fundi wa kuchomea vyuma naye ni vivyo hivyo. Tena watu husema jua la Kipsing ni kali hata lingepasua jiwe, basi sola itafanya ajabu. La. Paneli hupenda mwanga, haipendi joto. Ikipita digrii 25 hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu yake kwa kila digrii moja inayozidi. Na vumbi lazima lipanguswe. Hiyo ya kupangusa ni kazi, na kazi ina malipo, ingawa nimeona mahali inapotupiwa mlinzi kama kwamba yeye halali.

Lakini pale panapofaa, faida yake haina ubishi. Maziwa ya ngamia ni mfano mzuri. Akina mama wa ushirika wa Anolei mjini Isiolo hukusanya maziwa kutoka kwa wafugaji na kuyapeleka Eastleigh, safari ndefu kwa kitu kinachochacha. Mahali maziwa yanapokaa saa nyingi bila baridi, ndipo fedha ya mfugaji inapomwagika. Friji ya sola mahali penyewe pa kukusanyia yaweza kuokoa mzigo ambao jenereta isingeuokoa bila kula faida yote.

Kwa matajiri wakubwa jambo hili si geni. Ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri ziliwekwa kilowati 515 mwaka 2011. Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka kilowati 600 mwaka 2014. Duka kubwa la Garden City, barabara ya Thika, likaweka kilowati 858 mwaka 2015 juu ya maegesho ya magari. Na shamba la chai la Changoi, la Williamson, liliwekewa megawati 1 mwaka 2014.

Hapo kwenye chai nataka kusimama kidogo. Mwaka 2010 wafanyakazi wa chai waligoma juu ya mashine za kuchuma, na ugomvi huo haujazikwa mpaka leo. Ndiyo maana baadhi ya ndugu zetu, wakiona mtambo wowote mpya ukishuka katika lori, hukunja uso. Nawaelewa. Lakini mashine ya kuchuma huja kukaa mahali pa mkono wa mtu, na sola huja kukaa mahali pa pipa la dizeli. Pipa halina watoto wa kupeleka shule. Tofauti hiyo ni kubwa, na chama kisichoiona kitapigana na adui asiyekuwapo.

Yuko mtu mmoja tu ambaye kazi yake huguswa: yule anayewasha jenereta, anayelijua kwa sauti kama mchungaji anavyomjua ndama wake. Huyo asiachwe. Kanuni za sola za mwaka 2012 ziliweka leseni za mafundi za daraja T1 mpaka T3. Matajiri hulipa NITA kiasi cha shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo ya kazi. Basi fedha ya kufundisha watu imo tayari katika mfuko wa taifa, na mtu mwenye miaka kumi na tano karibu na mtambo ni mwanafunzi bora kuliko kijana atakayeletwa kutoka mbali mara mbili kwa mwaka na gari la kukodi. Na tajiri akishikilia kwamba kazi yake imekwisha, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, ipo: notisi ya mwezi kwa chama na kwa ofisa wa kazi, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka aliotumika.

Turudi kwenye daftari. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 57, yasema kwamba wakati wa mapatano tajiri atalipa chama habari zote zinazohitajika ili kiweze kupatana vizuri kwa niaba ya wafanyakazi. Matawi mengi hukitumia kifungu hiki kuuliza juu ya mishahara tu. Kwa nini? Tajiri akisema hawezi kuongeza kwa sababu ya stima, yeye mwenyewe ameiweka stima juu ya meza. Basi tuombe ankara za stima na risiti za dizeli, kabla ya sola na baada ya sola. Akikataa kuzitoa, aache kuzitaja.

Najua atakalojibu. Atasema paneli amezinunua kwa mkopo wa benki. Au atasema si zake kabisa: kuna kampuni iliyoziweka kwa gharama yake, naye huinunua kila yuniti kwa mkataba wa miaka mingi. Majibu hayo yaweza kuwa kweli, na sisi si watoto. Mtu anayelipa deni hawezi kugawa kile ambacho bado hajakipata. Lakini deni lina tarehe ya mwisho. Paneli hukaa miaka 25 au zaidi. Mikataba yetu mingi ni ya miaka miwili miwili. Mkopo wa miaka sita ukiisha, paneli imebaki na mikataba tisa mbele yake ya kumfanyia kazi tajiri karibu bure. Kwa hiyo tusidai leo kisichokuwapo. Tuandike leo kwamba mwezi ule deni linapokwisha, sehemu inayojulikana ya akiba itaingia katika posho ya nyumba au katika mshahara. Kama ni kununua kwa yuniti, tofauti ya bei ionyeshwe, nayo iwe na sehemu yetu tangu mwanzo, maana hapo hakuna mtaji aliotoa.

Kuna jambo la giza pia. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilizimika, na Desemba ya mwaka ule ikazimika tena. Kiwanda kikisimama, kibarua hurudishwa nyumbani na siku yake haiandikwi. Wengi hudhani kwamba penye sola juu ya paa hapazimiki. Si hivyo. Sola iliyofungwa pamoja na nyaya za taifa bila betri hujizima yenyewe stima ikikatika, na ni haki ijizime, ili isimuue fundi wa laini aliye juu ya nguzo. Kwa hiyo tukisikia tajiri anaweka sola, swali letu la kwanza liwe: ina betri ya kuendesha kazi giza likiingia, au ni ya kupunguza ankara yake tu? Jibu hilo ndilo linalosema kama kibarua atalipwa siku ile.

Juu ya mabweni ya wafanyakazi nitasema kwa kifupi kwa sababu ni aibu. Ziko hoteli za porini ambazo mgeni hulala na taa, feni na maji ya moto ya jua, na mpishi wake, hatua mia mbili nyuma ya miti, huzimiwa saa nne. Zamani sababu ilikuwa dizeli. Sasa sababu ni nini?

Tusisahau vilevile ndugu zetu wa Kenya Power. Mteja mkubwa akijitegemea mchana na kurudi kwenye nyaya usiku, nguzo ni zile zile, transfoma ni ile ile, na mafundi wa laini ni wale wale. Gharama hiyo haiyeyuki. Itawaangukia wanaobaki, yaani mimi na wewe tunaonunua tokeni za shilingi 100 kwa simu. Sheria ya Nishati ya 2019 imempa mwenye mtambo usiozidi megawati 1 njia ya kurudisha yuniti zilizozidi na kupunguziwa ankara. Ni sawa, sipingi. Ila maoni yangu ni kwamba anayeutaka waya usimame ukimngojea ausaidie kusimama, kwa malipo yanayolingana na ukubwa wa waya wenyewe, na vyama vyetu viseme hivyo kwa sauti moja, cha hoteli, cha mashamba na cha stima. Wakitugawa hapo, kila mmoja atapoteza kwake.

Na Kipsing yenyewe? Tangu LAPSSET izinduliwe Lamu tarehe 2 Machi 2012, vijana wa huko wamesikia habari za mji wa hoteli utakaojengwa pale Kipsing Gap, pamoja na bwawa la Ewaso Ng'iro ambalo wafugaji wa chini ya mto wamelipinga. Uwanja wa ndege wa Isiolo umefunguliwa. Mji wa hoteli bado uko katika ramani. Siku utakapoanza, watakaojenga wataleta sola kwa sababu ndiyo rahisi kwao, na hapo hakuna ubaya. Ila kijana wa Kipsing asiitwe kwa kuchimba mashimo ya nguzo tu, kisha leseni ya fundi ikaja na mtu wa mbali. Kuanzia sasa kuna vyuo vya ufundi na kuna madaraja ya leseni, na mzee mwenye mbuzi wa kuuza kwa ajili ya karo afahamu kwamba T1 ni karo pia.

Kwa matawi ambayo mkataba unakwisha mwaka huu: katibu aandike barua ya kuomba ankara za stima na risiti za mafuta za miezi 24 kabla ya siku ya kwanza ya mapatano, si baada. Kama sola ipo, barua iulize ni kilowati ngapi, ni mali ya nani, na deni lake linakwisha mwezi gani. Nakala moja iletwe ofisi ya chama, ili tawi la jirani lenye tajiri yule yule lisijibiwe tofauti.