Samaki Mmoja, Hukumu Mbili



Yuko samaki aitwaye perege wa Msumbiji, ambaye kwao ni kuanzia Zambezi ya chini hadi pwani ya mashariki ya Afrika Kusini. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili umemwandika miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Tena yumo katika orodha ya wavamizi 100 wabaya kuliko wote duniani, iliyotolewa mwaka 2000. Si kosa la karani aliyesinzia. Yote mawili ni kweli.

Ugenini ametamba. Alionekana Java mwaka 1939, na baada ya Vita Kuu ya Pili akasambazwa Asia na Pasifiki kuwa kitoweo cha maskini. Nia ilikuwa njema. Lakini jike hulinda mayai na watoto wake kinywani, na samaki huyu huvumilia hata maji ya chumvi. Kisiwani Nauru, alikopelekwa miaka ya 1960, aliingia katika ziwa la Buada, ambamo wenyeji walifuga mwatiko tangu enzi za mababu. Alizaana hata mwatiko wakashindwa kustawi, wenyeji wakabaki na visamaki wasivyovitaka. Wafugaji wa mwatiko wa pwani yetu ya Mtwara hawahitaji kufafanuliwa hasara hiyo.

Kwao, kinyume chake, anamezwa yeye. Sato aliyeletwa kwa ufugaji huzaana naye, na katika mto Limpopo damu zao zimekwisha kuchanganyika. Wala jambo hili haliko mbali nasi: katika ziwa Rutamba, mkoani Lindi, sato amechanganyika na perege wa asili. Katika Ziwa Viktoria, ngege alikaribia kutoweka baada ya sato na sangara kuletwa miaka ya 1950. Leo huishi kama mkimbizi katika bwawa la Nyumba ya Mungu, alikopandikizwa na binadamu.

Hatusemi watu wasifuge samaki. Kukosa kitoweo nako ni suala la haki. Lakini mvua kubwa zikija, Ruvuma hutanda bondeni, na tuta la bwawa haliwezi kuuzuia mto. Samaki waliotoroka hawarudishwi na mtu. Mvuvi wa Kilambo hana hisa katika bwawa hilo, wala hakuulizwa lilipochimbwa, lakini hasara itamfika yeye kwanza.

Kwa hiyo viongozi wa walei wakiletewa vifaranga wa samaki, hata wawe wa msaada, waulize: ni samaki gani? Asili yake ni mto upi? Je, bwawa liko juu kuliko mafuriko yanapofika? Wakiambiwa ni madume matupu, wajue kwamba majike machache hupenya. Bwana samaki wa wilaya aitwe kabla jembe halijagusa ardhi, na wavuvi wa mtoni waalikwe katika kikao hicho hicho.